Uzi maalumu: Pakiti mpya haitoshi. Tuongee kuhusu sindano tunazochomwa bila sababu

Mfamasia wa Kona (mleta uzi)

Wakuu, juzi kuna mtu humu aliomba aelekezwe duka la dawa lenye "sindano kali ya malaria". Majibu yalimiminika: huyu anataja dawa, yule anataja mtaa, mwingine anasema mwambie muuzaji nimekutuma mimi. Sikuona hata mmoja aliyeuliza kama mgonjwa amepima. Nikaona nikijibu kule nitaharibu sherehe ya watu, bora nilete uzi wangu. Ni mrefu, asiyependa kusoma apite kwa amani.

Msimamo wangu niuseme mapema. Tukisikia "sindano salama" wengi tunafikiria pakiti ifunguliwe mbele yetu, basi. Pakiti ni muhimu, sibishi. Lakini swali linalotangulia pakiti ni kama ulihitaji kuchomwa, na hilo ndilo hatuulizi.

Tuanze na Yambuku. Ebola mnaijua, ila habari ya mabomba matano ya sindano huenda hamjaisikia. Mwaka 1976 hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), ilikuwa na vitanda 120 na wahudumu 17. Wagonjwa wa nje walikuwa kati ya 6,000 na 12,000 kwa mwezi. Kila asubuhi manesi waligawiwa mabomba matano na sindano zake: kwa wagonjwa wa nje, kliniki ya wajawazito na wodi, vyote kwa pamoja. Akitoka mgonjwa mmoja, sindano inasuuzwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, anaingia wa pili. Jioni zilichemshwa, na hilo nalo si kila siku.

Mwishoni mwa Agosti mwalimu wa shule ya misheni akaja na homa. Wakadhani ni malaria, akachomwa klorokwini. Mpaka mlipuko unaisha walikuwa wameugua watu 318 na kufa 280. Kati ya wale wahudumu 17 walikufa 11, hospitali ikafungwa. Wachunguzi walipowafuatilia wagonjwa waliona 85 hawakuwa na njia nyingine ya kuupata ugonjwa zaidi ya sindano. Katika hao hakupona hata mmoja.

Ebola haikuletwa na sindano, ila ilikuta barabara imeshalimwa. Na kuna kipande ambacho huwa kinarukwa hadithi hii ikisimuliwa: kati ya waliokuwa wakichomwa pale ni wajawazito waliokuja kliniki wakiwa wazima, na walichochomwa ni vitamini. Yaani mama ametoka nyumbani hana homa wala maumivu, anachomwa kitu ambacho angepewa kwa mdomo, anarudi na kifo. Hata kama wangekuwa na mabomba mia tano badala ya matano, bado ile sindano ya vitamini haikuwa na kazi.

Mtaniambia hayo ni ya 1976, siku hizi kila mtu anatumia sindano ya kutupa. Kweli, hali imebadilika sana, na nitaleta takwimu huko mbele. Lakini nenda maduka ya dawa jioni uangalie. Mtu ana mafua, anachomwa. Mgongo umechoka kwa kubeba mizigo, anachomwa diklofenaki, dawa ya maumivu. Kaenda haja mara tatu tangu asubuhi, anachomwa seftriaksoni, antibiotiki ambayo hospitali inapaswa kuiwekea akiba kwa maambukizi makali. Duka la dawa ni mahali pa kununua dawa. Kuchoma sindano nyuma ya pazia la khanga si kazi yake.

Karibuni. Walioko wodini naomba mtusahihishe.

---

Mpita Njia

Mkuu uzi mzuri ila punguza ukali. Sindano inafanya kazi haraka, hilo hata bibi yangu anajua. Mimi nikichomwa diklo asubuhi, saa nne niko kazini. Vidonge ninakunywa siku tatu bado najivuta. Halafu hospitali foleni ni kutwa nzima, duka la dawa ni dakika kumi. Mnataka tufanyeje? Mtu wa kipato cha siku haumwi kwa ratiba ya zahanati.

---

Mfamasia wa Kona

Mpita Njia, la foleni nakupa, huko sina cha kukujibu. La diklofenaki nina la kusema.

Kidonge cha diklofenaki au ibuprofeni kinaanza kazi ndani ya nusu saa hadi saa moja. Sindano inakitangulia kidogo, kwa maumivu ya mgongo tofauti hiyo haina maana. Unachokihisi zaidi ni kwamba umechomwa, na kuchomwa kunaumiza, na kitu kinachouma tunakiheshimu. Pia wapo wanaodhani sindano "haipiti tumboni" kwa hiyo haiwezi kuleta vidonda. Si kweli. Dawa ile ikiingia kwenye damu inafika kila mahali, tumbo na figo zikiwemo.

Heshima hii ya sindano ina asili yake, na asili yenyewe si ya kijinga. Waulize wazee kuhusu buba. Mtoto amejaa vidonda mwili mzima, mifupa inauma, wamejaribu kila mzizi. Kuanzia miaka ya 1950 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakaendesha kampeni kwenye nchi 46, wakatibu watu zaidi ya milioni 50 kwa penisilini ya sindano. Sindano moja tu! Baada ya siku chache vidonda vimekauka. Ukiona hivyo kwa macho yako, utawaambia wajukuu zako nini kuhusu vidonge? Sindano ilijijengea jina kwa kazi halali, sasa jina hilo linatumiwa kuuzia watu vitamini.

Na hata kampeni ya serikali yenye nia njema inaweza kuua. Misri walikuwa na kichocho, hasa kwenye bonde la Nile. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 walitibu watu kwa dawa ya antimoni, ambayo lazima ipigwe mshipani, tena mara nyingi mpaka dozi iishe. Mabomba yalikuwa ya kioo, yanachemshwa na kurudiwa, na kwa foleni zile uchemshaji ulikuwa wa haraka haraka. Kirusi cha homa ya ini C kilikuwa bado hakijulikani hata jina, kiligunduliwa 1989. Utafiti wa kitaifa wa 2008 ukakuta karibu watu 15 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 59 wana alama za kirusi hicho kwenye damu. Hakuna nchi nyingine iliyowahi kufikia hapo kwa tiba. Kwa kichocho chenyewe, kilichokuja kuwaondoa kwenye sindano ni praziquantel, vidonge vile vile watoto wetu wa Kanda ya Ziwa wanavyomezeshwa shuleni. Baadaye Misri ikapima watu wazima karibu milioni 50 kati ya 2018 na 2019 na kuwatibu waliokutwa nacho, tena kwa vidonge. Nawavulia kofia kwa hilo.

Sasa zile takwimu. Mwaka 2000 ilikadiriwa kwamba nchi zinazoendelea zinachoma sindano bilioni 16 kwa mwaka. Chanjo zilikuwa kama 5 tu katika kila 100, na karibu zote zilizobaki zilikuwa za tiba. Kati ya sindano zote, 40 katika kila 100 zilirudiwa bila kutakaswa. Matokeo ya mwaka huo mmoja: maambukizi mapya ya homa ya ini B milioni 21, ya homa ya ini C milioni 2, ya VVU 260,000. Ilipofika 2010 kurudia vifaa kulishuka hadi 5.5 katika kila 100, na VVU ya sindano ikakadiriwa kutozidi 33,800. Haya ni mafanikio makubwa ambayo hayasemwi. Lakini idadi ya sindano kwa kila mtu ilishuka kidogo tu, kutoka 3.4 hadi 2.9 kwa mwaka. Tumepata sindano safi zaidi, hamu yetu ya kuchomwa imebaki pale pale.

---

Nesi wa Zamu

Habari zenu. Nipo wodini miaka mingi, naomba niongezee kitu ambacho hata baadhi ya wenzetu kazini hawakijui vizuri.

Watu wanadhani hatari iko kwenye sindano, ile ncha ya chuma. Kwa hiyo utamkuta mtu anabadilisha sindano kwa kila mgonjwa, bomba ni lile lile. Anajiona msafi kabisa. Jamani, ukichoma na ukavuta kidogo kuangalia kama uko mshipani, au hata ukiondoa mkono tu kwenye kisukumio, damu inarudi ndani ya bomba. Ni kidogo sana, huioni. Kirusi cha homa ya ini B kinaishi kwenye damu iliyokauka mpaka siku saba nje ya mwili. Kile cha C, wataalamu walikiweka kwenye mabomba ya sindano maabara wakakikuta hai hadi siku 63. Kwa hiyo sindano mpya kwenye bomba la zamani ni sawa na kurudia tu.

Ya pili ni kichupa cha dawa ya watu wengi. Chukua lignokaini ya kushonea. Unamchoma mgonjwa wa ajali, ganzi haijatosha, unarudisha bomba lile lile kwenye kichupa kuvuta nyingine. Umeshakichafua. Mgonjwa wa nne anayefuata anafunguliwa pakiti mpya mbele ya macho yake, ndugu zake wanaridhika, na bomba lake jipya linavuta kutoka kwenye kichupa hicho. Hapo pakiti imesaidia nini? Halafu kuna tabia ya kuacha sindano imechomekwa juu ya mfuniko wa kichupa ili "kurahisisha". Ukiona hivyo mahali, usichomwe pale.

Ya tatu ni mirija ya dripu. Watu hawaihesabu kama sindano. Kuna mahali mrija unatundikwa asubuhi, akija mgonjwa mwingine wanabadilisha chupa tu.

Na sisi wenyewe tunachomeka. Usiku uko peke yako na wagonjwa wengi, taa imefifia, unarudishia kifuniko kwenye sindano kwa mikono miwili kwa sababu boksi la kutupia liko mwisho wa korido. Ndivyo vidole vinavyotobolewa. Darasani tulifundishwa hesabu rahisi kwa ajali ya mara moja kutoka kwa mgonjwa mwenye kirusi: homa ya ini B hadi 30 katika kila 100 kama hujachanjwa, C kama 3 katika 100, VVU 3 katika 1,000. Angalieni ipi ni kubwa. Watu wanakimbilia kuuliza VVU, na chanjo ya B hawajawahi kuchoma.

---

Mpita Njia

Dada Nesi umenitisha na hicho kichupa. Hiyo sikuwa naijua kabisa.

Lakini kuna kitu sijaelewa. Kama kuna sindano zinazojifunga zenyewe ukishatumia, kwa nini zisiwe zote hivyo tukamaliza mjadala?

---

Pwani Kaskazini

Habari ndugu zangu wa huko, mimi niko Kenya, Kilifi. Nimefurahia uzi, nami niseme la kwetu.

Hizo sindano zinazojifunga zinatengenezwa hapa hapa kwetu, Revital Healthcare iko Kilifi. Wakati wa chanjo za UVIKO dunia nzima iliposhikwa na uhaba wa sindano ndipo wengi walipojua kwamba kuna kiwanda huku pwani. Namna inavyofanya kazi si uchawi. Ndani ya bomba kuna kizuizi, ukivuta dawa na kuisukuma hadi mwisho kinashika, kisukumio hakirudi tena nyuma. Ukilazimisha kinavunjika.

Kwa nini si zote? Chanjo zilitangulia. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na UNFPA (shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu) walikubaliana kwamba ifikapo mwisho wa 2003 chanjo zote zitumie sindano za aina hiyo. Chanjo zinanunuliwa kwa pamoja, dozi nyingi ni zile zile nusu mililita, kwa hiyo ilikuwa rahisi kupanga. Hii ndiyo sababu mtoto akienda kliniki kudungwa chanjo mimi silali macho. Dawa za tiba ni fujo: leo mililita 2, kesho 5, keshokutwa 10, kila duka la dawa linajinunulia. Mwaka 2015 ndipo Shirika la Afya lilisema na za tiba zihamie kwenye sindano zenye kinga, lengo likiwa 2020. Bei ndiyo iliyokwama. Sindano ya kawaida ilikuwa senti 3 au 4 za dola, yenye kinga angalau mara mbili ya hapo. Kwa mtu mmoja si pesa. Kwa nchi nzima, waziri wa fedha anakuna kichwa.

Sijasema nipinge sindano zote. Dada yangu hujidunga mwenyewe ile ya kupanga uzazi kila miezi mitatu, kifuko kidogo kimejazwa dawa tayari na sindano yake fupi, ukibonyeza kimeisha, hakuna cha kurudia. Mambo kama hayo ni ya kuigwa.

---

Mfamasia wa Kona

Asante sana Pwani Kaskazini, umenipunguzia kazi. Na nikazie hilo la mwisho lisije likaeleweka vibaya. Mgonjwa wa kisukari anahitaji insulini yake. Mama aliyejifungua anahitaji oksitosini ili asivuje damu mpaka afe. Mjamzito mwenye kaswende anahitaji penisilini ya benzathini. Mtoto mwenye malaria kali, anayepoteza fahamu au asiyeweza kumeza, anahitaji artesunate ya sindano haraka iwezekanavyo. Hawa mtu asije akawaambia "nilisoma humu kwamba sindano mbaya". Malaria ya kawaida ndiyo inayotibiwa kwa dawa mseto ya kumeza, na tangu vipimo vya haraka vifike zahanati hakuna sababu ya kukisia.

Mpita Njia alisema mtu wa kipato cha siku hawezi kungoja zahanati. Nimelifikiria sana hilo, nikakumbuka Roka.

Roka iko Battambang, Kambodia. Kulikuwa na tabibu wa kijiji asiye na leseni. Usimfikirie kama jambazi. Watu walimpenda. Anakuja nyumbani hata usiku, anakopesha, wazee wengine hawatozi hata shilingi. Ukiwa na homa, uchovu, mafua, anakuchoma au anakutundikia dripu, unajisikia mtu tena. Mwishoni mwa 2014 mzee mmoja wa miaka 74 akapimwa na kukutwa na VVU. Mzee! Jamaa zake nao wakapima, nao wanavyo. Kijiji kizima kikapanga foleni. Waliokutwa na maambukizi ni zaidi ya 200, wakiwemo watoto wadogo na watawa wa hekalu. Huyo tabibu alihukumiwa kifungo cha miaka 25 mwaka uliofuata, na bado wapo wanakijiji waliomwonea huruma.

Halafu Ratodero, wilaya ya Larkana, Pakistani, mwaka 2019. Daktari akaona watoto wanaletwa na homa zisizokwisha, akaagiza wapimwe VVU. Majibu yakatoka hayana maelezo: mtoto anacho, mama hana, baba hana. Kufikia mwisho wa Julai walikuwa wamepima watu zaidi ya 31,000, wenye VVU 930, na kati yao 763 walikuwa chini ya miaka 16. Wengi wa hao walikuwa hawajafika hata umri wa kuanza shule. Walirudiwa sindano na mirija ya dripu kwenye kliniki za mtaani. Pakistani ni kati ya nchi zinazochoma sindano nyingi mno kwa kila mtu duniani, na kule kama huku, mzazi akitoka kwa daktari bila sindano anaona ameibiwa.

Mnaona kinachofanana? Si ukatili. Mtoa huduma yuko karibu, ni rahisi, ana lugha nzuri, na mgonjwa ndiye anayeomba. Kwa hiyo mkuu, hizo dakika kumi za duka la dawa ndizo zinazonitisha. Mahali penye foleni angalau kuna daftari na boksi la kutupia.

---

Mpita Njia

Boksi la kutupia lipo, limejaa mpaka juu. Mimi ninayesema nimeona. Usitupambie zahanati mkuu.

---

Nesi wa Zamu

Mpita Njia amesema kweli, na mimi niko ndani. Boksi linatakiwa lifungwe likifika robo tatu. Yakikosekana tunatumia katoni la dripu, sindano zinatoboa pembeni, mhudumu wa usafi anabeba mkononi bila glavu ngumu. Watu hawamhesabu huyu dada wa usafi kwenye mijadala hii, wakati ndiye anayechomwa na sindano asiyojua imetoka kwa nani. Daktari akijichoma anajua mgonjwa ni yupi, anapimwa, maisha yanaendelea.

Kichomea taka nacho ni habari nyingine. Vile vidogo vya matofali vilijengwa sehemu nyingi, vinahitaji moto mkali na mtu aliyefundishwa. Asipokuwepo, unapata plastiki iliyoungua nusu na sindano zimelala kwenye majivu. Mahali pengine shimo halina uzio. Watoto wanaokota mabomba, wanachezea kurushiana maji. Kila nilipoona mtoto na bomba mtaani nimelinyang'anya, mama yake akanishangaa.

Ndiyo maana nakubaliana na mfamasia. Kila sindano isiyo na sababu ni taka mpya ambayo mtu atalazimika kuibeba.

Kwa atakayejichoma kazini au kuchomwa na sindano iliyotupwa: osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, usimwagie jiki. Nenda siku hiyo hiyo kituo kinachotoa dawa za kinga ya VVU. Mwisho ni saa 72, ila kila saa unayochelewa inakupunguzia nafasi. Dawa zinamezwa siku 28. Na uliza kuhusu homa ya ini B.

---

Mama Wawili

Naomba kuuliza, msinicheke. Mama mkwe wangu ana miaka sabini na kitu, kila baada ya wiki chache anadai dripu, anasema damu imepungua na mwili umechoka. Akiwekewa anachangamka kweli. Kijana wa dukani anakuja nyumbani kabisa. Nikikataa naonekana namnyima tiba mama wa watu. Nifanyeje?

Na lingine. Mwanangu mdogo ana mwaka na nusu, juzi kachomwa kwenye tako, tangu siku hiyo naona mguu kama anauvuta. Wameniambia atazoea.

---

Nesi wa Zamu

Mama Wawili, naanza na mtoto kwa sababu hilo haliwezi kungoja. Mpeleke hospitali leo au kesho asubuhi, aonwe na daktari, na uwaambie ni sindano gani na tarehe gani. Kwenye tako unapita mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni. Mtoto wa umri huo nyama ya tako ni ndogo, sindano ikienda vibaya inaugusa, na dawa nyingine, kama kwinini, inauunguza. Sitaki kukutisha, wengi wanapona, ila wanaowahi ndio wanaosaidiwa kwa mazoezi ya viungo. "Atazoea" si jibu. Huko Uganda, wilaya ya Kumi, wapo watoto wengi waliopooza mguu kwa sindano za makalio, na wengine nyama zimekakamaa hawawezi kuchuchumaa wala kukaa vizuri kwenye dawati. Wanapasuliwa. Karibu zote zilikuwa za homa za kawaida.

Watoto wa umri huo huchomwa pajani, upande wa nje. Mtu akitaka kumchoma mwanao makalioni mwombe achome paja. Ni haki yako, usiogope kuonekana mjuaji.

---

Mfamasia wa Kona

Mama Wawili, kuhusu mama mkwe. Chupa ya nusu lita ya maji ya chumvi ina chumvi kama robo tatu ya kijiko cha chai. Ya sukari ya asilimia tano ina gramu 25 za sukari, kama vijiko sita vya chai. Ndicho anachotundikiwa. Haiongezi damu hata tone. Akichangamka ni kwa sababu huenda alikuwa hanywi maji ya kutosha, na pia amekaa saa nzima mtu akimhudumia, jambo ambalo kwa umri wake si dogo. Usimwambie "dripu ni uongo", mtagombana bure. Mwambie "mama, hiyo damu kupungua inanisumbua, twende wakaipime". Uchovu wa mara kwa mara kwa mtu wa umri huo unaweza kuwa upungufu wa damu kweli, au kisukari, au moyo, na hiyo dripu inaficha. Tena kama moyo au figo ni dhaifu, maji ya haraka haraka yanaweza kumjaa mapafuni.

Kuhusu kijana anayekuja nyumbani: angalia anafungua nini mbele yenu. Chupa ni moja, mrija ni wa pili, kanula (kile kijibomba kinachobaki mshipani) ni ya tatu, vyote vitatu vinatakiwa vitoke kwenye pakiti iliyofungwa, na akimaliza asiondoke na hata kimoja mfukoni.

---

Mpita Njia

Sawa, mmenikamata kidogo. Sasa nipeni maneno. Mimi nikifika kwa daktari naambiwa "geuka", nageuka. Nitasemaje bila kuonekana namfundisha kazi?

---

Nesi wa Zamu

Sema hivi kabla hajavuta dawa: "Dokta, hii haina ya kumeza?" Basi. Mara nyingi utashangaa anasema ipo. Wengi wetu tunachoma kwa sababu tunaamini mgonjwa ndicho alichofuata, na ukimpa vidonge anaenda kulalamika kwamba hakuhudumiwa.

Akisema lazima sindano na akakueleza kwa nini, kubali. Mwombe afungue pakiti ukiwa unaona, bomba na sindano vyote. Halafu angalia kichupa: ni cha mtu mmoja au kilishafunguliwa? Kama kilishafunguliwa, uliza kilifunguliwa lini. Mimi nikiulizwa hivyo sichukii. Atakayechukia, umepata jibu lako.

---

Pwani Kaskazini

Na akishamaliza tazama anaitupa wapi. Akiifunika na kuiweka juu ya meza kando ya nyingine, mimi siku hiyo ndiyo ya mwisho kwenda kwake.

---

Mama Wawili

Asanteni. Mtoto nampeleka asubuhi, nimeshaandika tarehe na jina la dawa kwenye karatasi. Nitaleta mrejesho.